Mbwa Aliyetumwa Kongo

Tukuswiga binti Andongwisye Kayuni, wa milima ya Ileje, mama wa Tumpale, mjane wa fundi baiskeli aliyeziba pancha za nusu ya Tunduma kabla bodaboda hazijaingia. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyemtoa chui zizini kwa mchi wa kutwangia, mimba ya miezi saba tumboni, kisha akarudi kumalizia kutwanga kwa mchi uleule. Baba yake, Andongwisye, ndiye aliyevuka mto Songwe uliofurika akiwa na mbuzi wa jirani shingoni, maana alikuwa ameahidi kumrudisha siku hiyo, na siku hiyo ndiyo mvua iliyoichagua. Mwenyewe Tukuswiga alimaliza darasa la saba akiwaongoza wasichana wote wa shule yake, akashuka Tunduma na debe moja la maharage kichwani. Leo ana ghala la nafaka lenye bati jipya kando ya barabara ya malori, na mtu akimwuliza amelipataje, humjibu kwamba hakulipata, alilijenga.

Hayo lazima yatajwe, kwa sababu siku hizi mtu akishapewa jina moja, mengine yake yote yanafutika. Mtaani wanamwita Bibi Paka. Yeye hajali sana, ila anataka ijulikane kwamba hakushuka mjini kuja kufuga paka.

Paka walikuja kwa ajili ya panya. Ghala la mahindi lisilo na paka ni hoteli ya panya, hilo halihitaji elimu. Alianza na mmoja, wakawa wawili, na watu walipoona paka wawili wanaota jua juu ya magunia wakajisemea: kwa yule bibi kuna nafasi. Basi wakaanza kuwaleta. Lakini si kuleta kwa maana ya kuleta. Wanakuja asubuhi kabla hajafungua, wanaacha boksi la sabuni langoni, limetobolewa matundu kwa bisibisi, ndani vitoto vinne havijafumbua macho vizuri, na juu kikaratasi: Tafadhali mtunze, Mungu atakubariki.

Tukuswiga huvisoma vikaratasi hivyo kwa sauti, miwani imeshuka puani, wapagazi wake wamemzunguka.

"Mungu atanibariki," husema. "Na aliyeandika atabarikiwa na nani? Ana mkono wa kuandika, ana miguu ya kufika hapa, ana macho ya kuhakikisha hakuna anayemwona. Alichokosa ni mdomo tu."

Dharau yake haikuwa kwa maskini. Hilo lieleweke. Aliyekuja kwa miguu yake, akasimama mbele yake na kusema, "Mama Tumpale, mwenye nyumba amekataa mbwa," au, "Mama, nimeachishwa kazi, huyu sina cha kumpa," huyo alikaribishwa, akaketi, akapewa maji ya kunywa. Wengine walirudi na mnyama wao wenyewe, maana walichokosa kilikuwa debe la pumba na neno la mtu wa kuwaambia kwamba mbwa hafi kwa kukosa nyama. Wengine aliwatafutia mtu. Jike la paka lililozaa mara tatu kwa mwaka lilipelekwa kwa Paskalina, afisa mifugo wa kata, likafungwa uzazi, likarudi kwa mwenyewe na mzigo ukaisha. Hakuna aliyechekwa. Waliochekwa ni wa maboksi.

Sasa mtaani hapo alikuwepo Wilbard, wakala wa forodha. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa hata siku za vumbi. Kazi yake kuandaa karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Mambo yalipokuwa mazuri alinunua mbwa wa kizungu mwenye masikio ya kusimama, akamwita Komando, akawa anampeleka kuogeshwa pale wanapoosha magari. Ndiyo, mbwa alipangwa foleni nyuma ya magari na kupakwa povu. Jumapili alimpitisha barabarani kwa mnyororo, na watu waliokula dagaa walisimama kumtazama mbwa aliyekula nyama.

Kisha mambo yakageuka. Mawakala wakawa wengi kuliko malori, matajiri wengine wakahamishia mizigo kwenye mpaka mwingine, gari jeupe la Wilbard likaondoka na halikurudi. Hilo si aibu, Tunduma imewapandisha na kuwashusha wakubwa kuliko yeye. Ila Wilbard hakutaka ionekane kwamba ameshuka. Viatu viliendelea kung'aa. Mkewe, Jenista, alianza kununua mafuta ya kupikia ya kupimiwa, na aliyanunua mtaa wa pili ili asionekane. Komando mbavu zikaanza kuhesabika.

Kati ya nyumba ya Wilbard na ghala la Tukuswiga pana mwendo wa kumaliza kuimba ubeti mmoja. Pumba zilikuwa zinamwagwa. Manase, mwenye bucha ya pembeni, alikuwa anatupa utumbo na mifupa kila jioni. Wilbard alipita hapo kila siku, akasalimia kwa adabu, akaenda zake.

Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, akamchukua Komando akampeleka kwenye foleni ya malori. Palikuwa na lori la salfa linalokwenda Kongo, karatasi zake alikuwa ameziandaa mwenyewe. Akamkuta utingo wa lori hilo, kijana anayeitwa Kefa, akampa ya soda na akamwambia: mchukue huyu, ukifika mbele huko mwachie popote, ni mbwa mkali, hatakosa wa kumfuga. Wakamfunga nyuma ya kichwa cha gari, kwenye nafasi ya tairi la akiba, wakamvika kiroba kichwani kama watu wanavyomfanya paka wakimhamisha, ili asiione njia akairudia. Jenista aliambiwa aseme kwamba mbwa amepelekwa Mbeya kwenye mafunzo.

Hapa msomaji asiyeijua Tunduma anaweza kufikiri kwamba mpango ulikuwa mbaya lakini ulikuwa na akili. Haukuwa na akili. Tunduma malori hayaendi, yanakaa. Foleni ikishika inakaa kilometa kwa kilometa, madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo, wanapika, wengine wanapata wachumba. Mtoto wa chekechea wa pale akiulizwa lori litaondoka lini atakujibu, "Mtandao ukirudi." Na mtu ambaye riziki yake yote inatokana na kuwapigia simu matajiri na kuwaeleza kwa nini gari lao bado limesimama, mtu huyo akaamini kwamba lori aliloliwekea mbwa litakuwa Zambia kabla jua halijazama.

Lilisogea urefu wa magari matatu. Jumatatu halikusogea. Jumanne halikusogea. Jumatano mchana Kefa, ambaye kwa kweli alikuwa akimhurumia, alivua kile kiroba ili ampe uji. Komando alikuwa gizani siku tatu. Akamng'ata Kefa mkono, akakata kamba na kuruka.

Na alikwenda wapi? Alikwenda nyumbani. Ilikuwa mwendo wa nusu saa tu. Akafika kwenye lango la Wilbard, akaketi, akabweka mara moja kwa adabu kama alivyofundishwa. Wilbard alikuwa ndani. Majirani wote waliokuwa wakianua nguo saa ile waliisikia redio ya Wilbard ikiongezwa sauti. Mbwa akabweka tena. Redio ikapanda tena. Mwisho mbwa aliinuka, akavuka barabara akichechemea, akaja kulala chini ya mzani wa Tukuswiga, pale kwenye kivuli.

Tukuswiga aliyaona yote hayo akiwa amechomeka kipande cha kalamu sikioni. Alimwekea maji kwenye beseni, akalisukuma kwa fimbo, maana mbwa aliyeng'ata haguswi, kisha akawafukuza wapagazi wote upande ule wa ghala.

Kefa alioshwa kidonda kwa sabuni na maji ya bomba mpaka akalalamika, akapelekwa zahanati kuanza sindano. Habari ikaenea upesi kwamba kuna mbwa mwenye kichaa. Alhamisi asubuhi mwenyekiti wa mtaa akaita kikao cha haraka. Paskalina alikuwepo na koti lake la kazi, akaeleza taratibu: mbwa akiwa na mwenyewe, na mwenyewe akawa na kadi ya chanjo, anafungwa na kuangaliwa siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, basi. Asiye na mwenyewe wala kadi hawezi kuachwa karibu na watoto.

"Mwenye mbwa huyu yupo hapa?" mwenyekiti akauliza.

Watu wakatazama miguu yao. Nusu ya mtaa walikuwa wamewahi kuandikiwa karatasi na Wilbard, na nusu nyingine walitarajia kuandikiwa. Wilbard mwenyewe alikuwa amesimama nyuma kabisa, anasoma simu.

"Basi kesho Ijumaa, saa sita kamili, mtu wa bunduki atakuja," mwenyekiti akafunga.

Tukuswiga angeweza kuinua mkono na kusema ni wangu. Alilifikiria hilo. Lakini kadi hakuwa nayo, kadi ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu aliyekuwa akisoma simu, na bila kadi maneno yake yangekuwa maneno tu. Angeweza pia kumnyooshea Wilbard kidole mbele ya watu, naye angekana, na mtu akishakana mbele ya watu hawezi tena kurudi nyuma. Akafunga khanga yake ya pili kiunoni, akasubiri jua lipungue, akaenda.

Alimkuta barazani, Jenista akimenya viazi.

"Shikamoo, Bibi," Wilbard akainuka upesi.

"Marahaba. Wazima hapa? Nimekuja kuuliza habari za mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani, Bibi?"

"Si mbwa wako yuko Mbeya masomoni? Anaendeleaje?"

Jenista akaacha kumenya. Wilbard akajikohoza. "Anaendelea vizuri. Wanasema ana akili."

"Wameshamfundisha kung'ata?"

Tukuswiga akavuta kiti mwenyewe, maana aliona hatakaribishwa upesi.

"Mchana nimesimama mbali kidogo na mzani wangu nikaita, Komando. Yule mbwa asiye na mwenyewe akasimamisha masikio yote mawili. Nikajua Mbeya wanafundisha vizuri, mwanafunzi anakumbuka hata jina."

"Bibi, mbwa wa aina hiyo wako wengi..."

"Wako wengi, na wote wanakuja kubweka kwenye lango lako? Wilbard, mimi sikuja kukuuliza kama ni wako. Nimekuja kukutazama tu. Nilitaka kumwona kwa karibu wakala wa forodha aliyeamini kwamba lori litaondoka leo. Katika Tunduma yote hii, wauza mahindi ya kuchoma, vichaa, walevi, hakuna mmoja ambaye angeamini hivyo. Wewe uliamini. Nimekaa mji huu miaka arobaini, sijaona jambo kama hilo."

Jenista alicheka kwa bahati mbaya, akajiziba mdomo kwa mkono wenye maganda. Kisha uso ukambadilika, akaweka kisu chini.

"Bibi, na wewe usituonee," akasema. "Wewe una ghala. Pumba unazo, watu wanakuheshimu. Ukimwambia mtu umeishiwa, wanasema mama anatania. Sisi tukisema tumeishiwa, kesho mwenye nyumba amesikia, keshokutwa mteja wa mwisho amehama. Nani atampa karatasi zake mtu ambaye hata mbwa amemshinda?"

Tukuswiga alimtazama mwanamke yule. Lilikuwa neno la kweli, na alichukia kwamba halikuwa limetoka kwa mume.

"Hilo umesema vizuri," akakubali. "Nalichukua. Sasa na mimi nisikilizwe kidogo."

Akamgeukia Wilbard.

"Babu yako Osea unamkumbuka?"

"Nilikuwa mdogo alipofariki."

"Mimi namkumbuka. Mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano, nilikuwa darasa la tano. Babu yako alitoka huko chini bondeni, akapanda milima ya kwetu siku mbili kwa miguu. Mkononi ameshika kamba ya mbwa, kichwani amebeba bakuli la mti. Nikadhani anauza bakuli. Akafika uani kwa baba yangu, na baba alikuwa na wageni, wanaume watano wamekaa. Hakumwita pembeni. Alisimama palepale akasema: Andongwisye, nimeshindwa. Huyu anaitwa Posta. Anakula mayai mabichi akiyaona, na radi ikipiga anaingia chini ya kitanda. Hayo ndiyo makosa yake. Mengine yote ni mazuri."

Wilbard alikuwa ameinamisha kichwa.

"Unajua baba alimwuliza nini? Hakumwuliza kwa nini umeshindwa. Kila mtu alijua kwa nini. Alimwuliza, anakula nini? Babu yako akasema, chochote, lakini kwenye bakuli hili, hakuna kwingine. Wakala pamoja ule unga wa njano, kesho yake babu akashuka bondeni. Posta aliishi kwetu miaka tisa. Radi ilipopiga alikuwa chini ya kitanda changu. Nakula kiapo sikuwahi kusikia mtu yeyote milimani akimcheka Osea. Walimtaja kwa jina lake kamili mpaka alipokufa. Sasa mjukuu wake anaongeza sauti ya redio."

"Bibi, watacheka," Wilbard akasema kwa sauti ndogo.

"Wameshacheka, baba. Wamecheka tangu jana saa kumi. Unafikiri redio ile ilikuwa ikisikika ndani kwako tu? Kilichobaki sasa si kicheko. Kilichobaki ni saa sita ya kesho."

Akainuka, akajifunga vizuri, akamwambia Jenista viazi vile atie na kitunguu, akaondoka.

Ijumaa mtu wa bunduki alikuja mapema kwa pikipiki. Mzee mpole, alikaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa akila maandazi, bunduki imelala magotini kama mwamvuli. Komando alikuwa bado chini ya mzani, ng'ambo ya barabara, kamba ndefu aliyorushiwa na Paskalina imemshika shingoni. Ikapiga saa nne. Ikapiga saa tano. Tukuswiga alikuwa langoni kwake anapepeta maharage ambayo yalikwisha pepetwa jana. Alijiambia kwamba hatatazama nyumba ile, na akaitazama mara kumi.

Saa tano na nusu lango la Wilbard likafunguka. Alitoka kwa miguu, ndala miguuni, viatu vya kung'aa ameviacha. Mkono mmoja kadi, mkono mwingine bakuli la bati lenye alama za meno ukingoni. Jenista nyuma yake. Alipita kando ya barabara mbele ya madereva, wauza vocha, wapagazi, wanawake wa mbogamboga, akasimama mbele ya benchi.

"Mbwa ni wangu," akasema. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Mbwa ni wangu. Anaitwa Komando. Nilimpandisha kwenye lori kwa sababu nimeshindwa kumlisha. Anatafuna viatu, na anaogopa mlio wa breki za upepo. Na nilimsikia juzi langoni."

"Umesahau moja," Kefa akapaza sauti kutoka kwenye kivuli cha duka, mkono umefungwa bandeji. "Anang'ata."

Watu wakacheka, na Wilbard naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetoka kung'olewa jino. Paskalina akaipokea kadi, akaigeuza, akaisoma tarehe mara mbili. Chanjo ya Septemba iliyopita, ile waliyochanjwa mbwa wote bure kwenye uwanja wa shule. Bado ilikuwa ndani ya muda.

"Siku kumi," akatangaza. "Kwako, kwenye kamba, watoto mbali, na mimi nitapita kila asubuhi. Na wewe Kefa sindano zako unamaliza zote, usije ukajifanya daktari."

Mtu wa bunduki akamalizia andazi lake, akajipangusa vidole, akasema amefurahi, maana hapendi kazi hiyo. Akapanda pikipiki yake.

Siku kumi zile zilikuwa somo kwa yeyote mwenye macho. Kila jioni Jenista alivuka na ndoo, akajaziwa pumba na Tukuswiga mwenyewe, akapita kwa Manase akapewa utumbo uliokuwa uende jalalani. Akachemsha uani sufuria moja kubwa. Komando alikula, akalala, akanenepa. Siku ya nne Jenista alisimama na ndoo yake mbele ya bucha, akatazama kwake, akatazama ghala.

"Manase," akasema, "hii mifupa ulikuwa unaitupa siku zote?"

"Siku zote, dada. Mbwa wa mitaani wananijua kwa jina."

"Na ungeombwa ungetoa?"

"Ningetoa na shukrani juu. Nani anapenda kubeba mifupa jalalani?"

Jenista akasonya msonyo mrefu ambao haukumlenga Manase.

Kefa alipokwenda sindano ya pili alisindikizwa na Wilbard, na ya tatu pia, na sindano hizo zilikwisha lori la Kefa likiwa bado halijavuka mpaka. Madereva wa foleni walipomwona Wilbard walimwuliza kama ana mzigo mwingine wa Kongo. Dereva mmoja wa Kizambia aliyezoea kununua maharage kwa Tukuswiga alikuja kumwuliza, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Mayo, ni kweli yule bwana alimkatia mbwa kibali cha kusafiri?" Mayo akajibu kwamba ni kweli, ila mbwa alirudi kwa sababu muhuri haukusomeka. Hakumwonea huruma Wilbard katika hilo. Aliona ni haki ya mtaa kucheka, na ni wajibu wake yeye kucheka vizuri kuliko wote.

Siku ya kumi mbwa alikuwa mzima kama chuma. Lakini Wilbard na Jenista walikuwa wanahamia chumba kimoja kule Chapwa, na mwenye nyumba wa huko hataki mbwa. Safari hii Wilbard alikuja mwenyewe, hakutumwa na mtu. Akabisha hodi, akakaa, akasema.

Tukuswiga alimwelekeza kwa mfugaji mmoja wa bonde la Momba, karibu na Kamsamba, Mzee Luhende, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake zamani na ambaye kila msimu hununua mahindi kwake. Fisi walikuwa wamewala ndama wawili, na mbwa wake mkubwa alikuwa amezeeka. Wakapigiana simu kwanza. Halafu Wilbard alimpeleka mbwa mwenyewe, kwa gari la mizigo mpaka mwisho wa barabara, na sehemu iliyobaki kwa miguu, bakuli la bati kichwani, maana mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba. Alilala huko siku mbili. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Alimkuta Tukuswiga ameketi kwenye kigoda langoni pa ghala, paka watatu kwenye magunia nyuma yake. Pembeni palikuwa na boksi jipya la sabuni, limetobolewa matundu. Lilikuwa limeachwa asubuhi ile.

"Bibi, nimefika. Nilipotaja viatu, Mzee Luhende akasema hapo kwake hakuna avaaye viatu. Akaniuliza tu anakula nini."

"Watu wenye akili wako wengi," Tukuswiga akasema. "Wanakaa mbali tu."

Akainuka, akikandamiza magoti kwa viganja. Miguu siku hizi inamsumbua, jambo ambalo hamwambii mtu. Akalisukuma lile boksi kwa ncha ya kiatu mpaka miguuni pa Wilbard, kisha akamwekea kigoda mbele.

"Kaa. Kuanzia leo kila Jumamosi, saa mbili mpaka saa sita, hiki ni cha kwako. Foleni haikupi kazi Jumamosi, najua. Mimi wananiogopa, ndiyo maana wanaacha maboksi na kukimbia. Wewe hawatakuogopa, mtaa mzima unajua ulichofanya. Aliyeviacha vitoto vya leo ni yule fundi cherehani wa kona, kitambaa alichokitandika humo ndani nakijua, ni mabaki ya sare za kwaya. Utaanza na yeye. Nenda nalo hili boksi, usimpige kelele, usimwulize kwa nini. Mwulize mama yao anakula nini, na kama yuko tayari kwenda naye kwa Paskalina kabla hajazaa tena. Akikuambia ameshindwa, mpe mkono, mlete hapa apate pumba. Akikuambia hivyo vitoto si vyake..."

Akafikiri kidogo, akalivuta kopo la kupimia maharage na kumkabidhi, alitumie kuwapimia pumba watakaokuja.

"Akikuambia si vyake, msimulie habari za Kongo. Haya, nenda, kabla hajafunga duka."